Nafasi Tupu katika Daftari la Busia

Mpaka upitao Busia na Malaba si wa kale. Hadi mwaka 1902 nchi hii ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, na ilipohamishwa ikatiwa katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, Wasamia na Wateso hawakuacha kuoana, kuzikana wala kuuziana samaki na mahindi ng'ambo zote mbili za mto Sio na mto Malaba. Kwa hiyo kila aliyetaka kuandika habari za watu wa huku, kisha awarudie baada ya miaka awaulize tena, hakukosa kukuta nafasi tupu katika daftari lake: fulani kahamia Tororo, fulani kaolewa Jinja, fulani yuko Nairobi na mtaa haujulikani.

Mwaka 1998 shirika la ICS, pamoja na wanauchumi Michael Kremer na Edward Miguel, lilianza kuwapa dawa za safura, minyoo mingine na kichocho wanafunzi wa shule za msingi 75 za Budalangi na Funyula, hukuhuku Busia, watoto wapatao 30,000. Shule ziligawanywa mafungu matatu, la kwanza likatangulia mwaka huohuo, la pili likafuata 1999, na la tatu likangoja hadi 2001. Mahudhurio nayo hayakutegemea daftari la mwalimu, bali makarani walifika shuleni bila taarifa wakaandika nani yumo darasani na nani hayumo. Naiona hadhari hiyo kuwa bora kuliko hesabu nyingi zilizokuja baadaye.

Tangu 2003 vijana 7,500 hivi waliosoma katika shule zile wakawa wanafuatwa duru baada ya duru, wakiulizwa kazi, mshahara, ndoa na siha zao. Hapo ndipo ilipozaliwa kazi ambayo Busia imeijua kuliko miji mingi, nayo ni kazi ya kutafuta watu: karani huanza kwa wazazi, akaenda kwa ndugu na jirani, akapata namba ya simu, akavuka mpaka ikibidi. Katika duru ya 2007 hadi 2009, walipokwisha kutafutwa wote na wengine wasionekane, ilichaguliwa kwa kura robo moja ya waliobaki, nguvu zote zikaelekezwa kwa hao, na kila aliyepatikana akahesabiwa mahali pa wanne. Kwa kipimo hicho waliofikiwa walizidi asilimia 80.

Wakati huohuo ng'ambo ya bahari ilikwisha enea dawa nyingine ya ugonjwa huu wa nafasi tupu. Donald Rubin alikuwa ametoa mwaka 1987 kitabu juu ya kujaza nafasi tupu mara nyingi badala ya mara moja, na wakatokea mafundi waliotunga programu za kompyuta kwa kazi hiyo, mojawapo ikiitwa Amelia kwa jina la Amelia Earhart, rubani aliyepotea juu ya Pasifiki mwaka 1937 (mzaha wa wasomi, nao haukukosa adabu). Tuseme kijana wa Funyula alijibu duru ya pili na ya nne, asipatikane ya tatu. Programu haimwandikii wastani wa wenziwe, maana huko ni kujidai yakini usiyokuwa nayo. Hutazama majibu yake ya kabla na ya baada, na ya waliofanana naye, ikaandika daftari tano, tuseme, kila moja na mshahara wake uliokisiwa. Hesabu hufanywa katika kila daftari, majawabu yakachukuliwa wastani, na tofauti baina ya daftari na daftari ikaongezwa juu ya kiasi cha shaka.

Ni maarifa ya insafu, walakini yana sharti: kukosekana kwa mtu kuwe kunaelezeka kwa yale yaliyokwisha andikwa. Aliyevuka Malaba kwa kuwa biashara imemnyookea, au aliyewakimbia wadai wake, hakutimiza sharti hilo. Kipato chenyewe ndicho kilichomwondoa, ilhali programu, kwa kuwa huwatazama waliobaki, itamkisia kama wao. Ndiyo sababu, kwa rai yangu, ile robo iliyotafutwa kwa miguu ina thamani kupita daftari tano za kompyuta, ingawa gharama yake ni kubwa na wafadhili hawaipendi.

Kremer alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2019, duru ya nne ikiwa bado inaendelea. Ilikwisha mwaka 2021, na safari hiyo waliandikwa pia watoto wa wale watoto wa 1998.