Sahihi ya mwanakijiji: historia ya kugombea fedha za umma Ukambani

Anayetoka City Market jijini Nairobi kwenda bustani ya Jeevanjee hupita Barabara ya Muindi Mbingu, na aghalabu hupita tu. Wachache hukumbuka kwamba mwenye jina hilo aliingia Nairobi Julai 1938 akiwa na umati wa Wakamba, wake kwa waume na watoto, wakapiga kambi Kariokor na kukataa kuondoka kabla ya Gavana kuwasikiliza. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwanyang'anya ng'ombe kwa hoja kwamba mifugo imezidi na inamaliza udongo. Wenye ng'ombe walijua pia kwamba kule Athi River kiwanda cha nyama cha Liebig's kilihitaji mifugo ya bei ya chini.

Walikaa Kariokor wiki kadhaa. Gavana Brooke-Popham alikwenda Machakos mwezi Agosti kuzungumza na wananchi. Muindi Mbingu akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha, serikali ilikuwa imeacha kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu. Wakati huo Makueni, ambayo leo ni kaunti, ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos, nayo Kitui ilikuwa wilaya ya peke yake.

Kuhusu fedha za umma, Mabaraza ya Wenyeji yalikuwapo tayari, yameundwa kwa sheria ya 1924. Yalitoza kodi ya kujengea shule na barabara, ila mwenyekiti alikuwa Mkuu wa Wilaya (DC), naye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Mkamba alilipa, akapewa risiti, mjadala ukaishia hapo.

Uhuru haukubadilisha mengi kama inavyosimuliwa majukwaani. Mabaraza ya kaunti yaliendesha shule za msingi, afya na barabara kwa miaka michache tu, kisha sheria ya 1969 ikayanyang'anya kazi hizo na kuzirudisha kwa serikali kuu. Yaliyobaki ni taka, vichinjio na ushuru wa soko. Mama muuza maembe alitozwa kila siku ya soko, na akiuliza choo cha soko kiko wapi, karani hakuwa na la kumjibu. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, watu wengi walipokata tamaa na serikali za mitaa. Mpango wa LASDAP wa 2001, uliotaka mabaraza yaketi na wakazi kabla ya kupewa fedha za Hazina, ulikuja kwa kuchelewa, na madiwani wengi waliuona kama karatasi ya kujaza.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyofungua mlango. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, na Aprili 2014 mahakama ilionyesha kwamba neno hilo lina meno: Jaji George Odunga alibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kaunti zote 47 zilishtuka.

Makueni, wakati huo huo, ilikuwa inawaka moto. Gavana Kivutha Kibwana, profesa wa sheria aliyekuwa mstari wa mbele kudai katiba mpya miaka ya 1990, alikuwa amegombana na wawakilishi wadi kuhusu bajeti. Septemba 2014 risasi zilifyatuliwa mjini Wote na watu wakajeruhiwa. Wakazi wakatia sahihi ombi la kuivunja kaunti yao wenyewe, jambo ambalo sheria inaruhusu iwapo angalau asilimia 10 ya wapiga kura wataliunga mkono. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Mohammed Nyaoga iliketi, ikasikiliza, ikapendekeza kaunti isimamishwe. Rais Uhuru Kenyatta akakataa mwaka 2015. Wapiga kura walitoa hukumu yao 2017: Kibwana alirudi, wengi wa wawakilishi waliopambana naye hawakurudi.

Kilichofanya Makueni itembelewe na wageni kutoka kaunti nyingine, hata nchi nyingine, ni utaratibu uliojengwa miaka hiyo. Mikutano huanzia vijijini, hupanda hadi makundi 377 ya vijiji, kisha wadi ndogo, wadi 30, hadi kaunti. Mikutano hata hivyo inaweza kuwa soda na mkate tu. Uzito uko kwenye kamati ya usimamizi wa mradi, inayochaguliwa na wakazi wenyewe. Kamati hupewa orodha ya kazi, vifaa na bei. Ikiwa orodha inasema mifuko kadha ya saruji, wanakamati wanaihesabu inaposhuka kwenye lori; ikiwa bati ni la geji fulani, wanaligusa. Mwanakandarasi halipwi kabla kamati haijatia sahihi. Mkulima anayekataa kushika kalamu anaweza kuwasimamisha mhandisi, mhasibu na tajiri wa mjini kwa pamoja.

Kitui ina mzigo wake. Ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, karibu mara nne ya Makueni, na wadi 40. Mkazi wa mbali kama Tseikuru akiambiwa aje Kitui mjini kutoa maoni, nauli inamfunga mdomo kabla hajaufungua. Kaunti hiyo iligawanywa kuwa vijiji 247 vyenye wasimamizi, hatua nzuri, lakini siasa zake hubadili mwelekeo kila uchaguzi: Julius Malombe 2013, Charity Ngilu 2017, Malombe tena 2022. Hakuna gavana aliyepewa vipindi viwili mfululizo, na mpango wa mmoja huwa hatarini mwingine anapoingia. Makueni yenyewe, sasa chini ya Mutula Kilonzo Junior, bado inapimwa iwapo utaratibu wake utaishi bila mwasisi wake.

Kwa mkazi wa kaunti zote mbili, tarehe za kukumbuka ni hizi. Waraka wa mwelekeo wa fedha hupelekwa kwenye bunge la kaunti ifikapo Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30, na mwaka wa fedha hufungwa Juni 30. Anayesubiri Juni amechelewa. Nenda ofisi ya msimamizi wa wadi mwezi Januari na uulize mkutano wa kijiji chako ni lini.