Welewa wa tamaduni

welewa wa tamaduni *nm* [u-] uwezo wa kufanya kazi vyema na watu ambao mila, lugha na mazoea yao si ya mhusika. Hasa uwezo wa kutambua kwamba neno au tendo alilolizoea yeye lina maana nyingine kwao.

Dhana hii ilienezwa na kitabu cha P. Christopher Earley na Soon Ang kilichotolewa mwaka 2003, na imeingia katika Kiswahili kupitia semina, miradi na mitaala. Wafasiri hawajakubaliana juu ya jina lake. Wapo wanaoandika *intelijensia ya utamaduni*. Tafsiri hiyo iepukwe. Nchini Tanzania neno *intelijensia* limezoeleka katika taarifa za polisi na maana yake ni upelelezi. Afisa wa mradi atakayejitambulisha mjini Mtwara, ambako jeshi lilipelekwa wakati wa ghasia za bomba la gesi za Mei 2013, kwamba amekuja kujenga "intelijensia ya utamaduni" asishangae akijibiwa kwa ukimya.

*Akili ya kitamaduni* haina hatari hiyo, lakini nayo inapotosha. Msikilizaji akisikia *kitamaduni* hukumbuka ngoma na mavazi ya sherehe. Kwa Mtwara, sindimba. *Ustaarabu* una historia nzito mno ya kumpima mtu kwa kipimo cha mwingine. *Ujuaji* ni tusi. Tumechagua *welewa*, na tumeliweka neno la pili katika wingi kwa makusudi: *welewa wa utamaduni* ni kuujua utamaduni mmoja, hata wa kwenu, *welewa wa tamaduni* ni kujua kupita baina ya tamaduni mbili au zaidi. (Wengi huandika *uelewa*, na si kosa, *welewa* hufuata kanuni ileile iliyotupa *weupe* na *wepesi*.)

Matumizi. Ugumu wa dhana hii huonekana zaidi pale ambapo pande zote zinazungumza Kiswahili, kwa kuwa hakuna anayeona haja ya mkalimani. Pwani ya Mtwara inatoa mifano iliyo wazi.

Neno hifadhi. Mwaka 2000 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1994 ya hifadhi za bahari na maeneo tengefu. Katika lugha ya sheria, hifadhi ni eneo lenye mipaka, vibali na makatazo. Katika lugha ya nyumbani, mtoto yumo katika hifadhi ya mlezi wake, na mwanachuoni amehifadhi Kurani. Kwa hiyo sentensi "tunaleta hifadhi kijijini" inaweza kusikika Msimbati kama ahadi ya kulindwa, ilhali msemaji anatangaza kwamba aina fulani za nyavu zitazuiwa. Tena gesi asilia inachimbwa ndani ya eneo hilohilo, jambo linalozidi kumchanganya anayeuliza ni nini hasa kinachohifadhiwa. Mfasiri makini hataliacha neno peke yake. Atasema ni nini kinakatazwa, wapi, na kwa nani.

Neno mjomba lina uzito zaidi. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ni jamii ambazo kwa desturi huhesabu ukoo upande wa mama. Kaka wa mama alikuwa na kauli katika ndoa za wapwa na katika mali ya ukoo. Dini, sheria za nchi na maisha ya mjini vimepunguza mamlaka yake, lakini havijayafuta kila mahali. Dodoso linalouliza tu "jina la baba" na "mkuu wa kaya" kabla ya kulipa fidia ya shamba laweza kumruka mtu ambaye bila ridhaa yake makubaliano hayatadumu. Kiingereza nacho humjumlisha mjomba, ami, baba mkubwa na baba mdogo kwa neno moja. Tangu mapigano yalipoanza Cabo Delgado mwaka 2017, watu wamevuka Ruvuma kukimbilia Tanzania. Tuchukue mfano wa kutungwa: mama mmoja anamwambia mwandikishaji, "Nimekuja kwa mjomba." Taarifa ikifasiriwa kuwa anaye ndugu fulani nchini, ataonekana mgeni aliyepata pa kufikia. Katika ukoo wake huenda amesema kwamba amerudi nyumbani. Hapo mfasiri aandike "kaka wa mama yake", japo sentensi itarefuka.

Ng'ambo hueleweka wepesi zaidi. Vitabuni mara nyingi ni Ulaya na nchi za mbali. Kwa mkazi wa Kilambo, penye kivuko, ni ukingo wa Msumbiji anaouona kwa macho. "Ana watoto ng'ambo" isifasiriwe kabla ya kuuliza ng'ambo ipi.

Katika vitenzi, dhana hii huenda na *kuwa na*, *kukuza* na *kupungukiwa*: *Mkalimani yule anazijua lugha zote mbili, ila amepungukiwa na welewa wa tamaduni.* Epuka *kupewa welewa wa tamaduni*, usemi uliozagaa katika ripoti za semina za siku mbili.