Gemma wa Lucca, Gemma wa Dodoma

Yakitajwa madonda matakatifu, yaani yanayofanana na ya Yesu msalabani, mbele ya Wakatoliki wa Nkwenda, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, jina la kwanza kutoka midomoni huenda likawa la Padre Pio. Lakini mwenye madonda aliyeacha alama ya kudumu zaidi Tanzania ni binti wa Kiitalia aliyefariki akiwa na miaka 25, na ambaye hakuwahi hata kuwa mtawa.

Gemma Galgani alizaliwa tarehe 12 Machi 1878 huko Camigliano, karibu na Lucca. Baba yake aliuza dawa. Mama alikufa kwa kifua kikuu Gemma akiwa na miaka 8. Baba naye akafariki mwaka 1897, wadai wakaibana familia mpaka ikafilisika. Ukafuata ugonjwa wa uti wa mgongo uliomlaza kitandani hadi Machi 1899, alipoinuka ghafla baada ya novena.

Tarehe 8 Juni mwaka huohuo, mkesha wa sikukuu ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, mikono, miguu na ubavu wake vilianza kutoa damu. Tangu hapo madonda yalifunguka kila Alhamisi jioni na kufungika Ijumaa. Askofu msaidizi Volpi, muungamishi wake, akamtuma daktari Pietro Pfanner. Daktari alichukua kitambaa chenye maji, akaifuta damu, na chini yake akakuta ngozi nzima. Akaamua ni maradhi ya neva. Waliompokea nyumbani, familia ya Giannini, hawakukubali. Mwaka 1901 padre kiongozi wake wa kiroho, Germano Ruoppolo, alimwamuru aombe ishara hizo ziondoke. Akatii, damu ikakoma.

Katika utii huo ndipo ninapomwona Gemma mwenyewe, zaidi kuliko kwenye damu. Hamu yake kubwa ilikuwa kuingia utawani katika shirika la Wapasionisti, nao wakamkataa kwa sababu ya afya yake. Alifariki Jumamosi Kuu, tarehe 11 Aprili 1903.

Shirika hilohilo ndilo lililomleta Tanzania. Kagera ilipokea Ukatoliki kwa mlango mwingine: Mapadre Weupe walitoka Uganda wakafungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, na kutoka kwenye mizizi hiyo yakaja majimbo ya baadaye, likiwemo Kayanga la mwaka 2008, lenye Karagwe na Kyerwa. Dodoma, kwa upande wake, ilifanywa Prefektura ya Kitume mwaka 1935 na kukabidhiwa Wapasionisti wa Italia. Gemma alikuwa ametangazwa Mwenyeheri miaka miwili tu kabla. Mwaka 1940 Papa Pius XII akamtangaza Mtakatifu. Wamisionari wale, basi, walikuja na Mwenyeheri mpya kabisa, wa kwao. Leo Dodoma ina shirika la masista Watanzania wa Mtakatifu Gemma Galgani, na hospitali yenye jina lake ipo Miyuji. Aliyefungiwa mlango wa utawa ana nyumba za watawa katika nchi ambayo hakuwahi kuiona.

Roma, ilipozitambua fadhila zake, ilisema wazi kwamba haikuwa ikitoa hukumu juu ya yale madonda. Walioandika vijitabu vya ibada mara nyingi huiruka sentensi hiyo.

Na kwetu Kagera je? Parokia kongwe zina vitabu vya ubatizo. Mwenye kuvitunza na avipekue: akina Gemma wa kwanza walibatizwa lini, na nani aliyelileta jina hilo huku magharibi ya Ziwa Victoria? Hiyo ni historia yetu, na haijaandikwa ipasavyo.