Kumbukumbu za Kompyuta Zilizoigwa kwa Ubongo

Ni vyombo vya kompyuta ambamo kuhifadhi habari na kuzifanyia hesabu hufanyika mahali pamoja, wala si katika nyumba mbili zilizotengana, kama ilivyokuwa kaida tangu maandishi ya John von Neumann ya mwaka 1945. Kwa kaida hiyo kila tarakimu hutolewa ghalani, ikapelekwa karakanani, kisha ikarudishwa; na mkulima wa Kangari nchini Kenya, ambaye chai yake hubebwa mgongoni hadi kituoni, kisha ikapakiwa lori kwenda kiwandani, ataelewa upesi kwamba safari nayo ina gharama yake. Katika kompyuta, aghalabu safari hiyo hula umeme mwingi kuliko hesabu yenyewe.

Ubongo hauna ghala. Mchumaji chai hodari hasimami kuhesabu majani mawili na kichipukizi. Vidole vyake vimekwisha zoea, na mazoea hayo yamo katika sinapsi, yaani maungio ya seli za neva, ambayo, kwa rai ya Donald Hebb ya mwaka 1949, huzidi nguvu kila seli mbili ziamkapo pamoja. Ubongo mzima, wenye seli hizo zipatazo bilioni 86, hutumia takriban wati 20 tu, jambo ambalo kwa hakika ni la kustaajabisha.

Mwasisi wa fani hii ni Carver Mead wa Marekani, katika miaka ya 1980. Mwanafunzi wake Kwabena Boahen, mzaliwa wa Ghana, aliunda Neurogrid, iliyoiga seli za neva milioni moja kwa chipu 16. Na chipu ya TrueNorth ya kampuni ya IBM, mwaka 2014, ilikuwa na sinapsi milioni 256. Lakini kilicho karibu zaidi na sinapsi ni memrista, kijenzi cha umeme kilichobashiriwa na Leon Chua mwaka 1971 na kudhihirishwa katika maabara ya kampuni ya HP mwaka 2008: ukinzani wake hufuata umeme uliokwisha pita ndani yake, na hubaki vivyo hata umeme ukatikapo.

Huko Nyeri, Kenya, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, pana karakana ya chipu ya Semiconductor Technologies Limited. Na mhadhiri wa chuo hicho, Ciira wa Maina, ametumia kompyuta ndogo kunasa sauti za ndege porini, kazi ihitajiyo hasa chombo cha kusikiliza kutwa kwa umeme haba. Mwanafunzi wa huko atakaye fani hii na aanze kwa hesabu na umeme, ndipo aijie elimu ya neva. Boahen mwenyewe alianzia uhandisi wa umeme.