Milki ya Ardhi katika Nchi ya Ujiji

Mtu akienda Ujiji na kuuliza habari za mashamba ya michikichi, huona upesi ya kuwa kukalia shamba ni jambo moja, na kuwa mwenye shamba ni jingine; tena ya kwamba sheria, kila ilipobadilishwa, iliusogeza mpaka kati ya hayo mawili.

Hapo kale katika Buha ardhi ilikuwa mikononi mwa bateko, wazee walioshika ibada za nchi. Tarehe 26 Novemba 1895 Wadachi waliamuru kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Aliyedai yake sharti athibitishe. Basi waliotakiwa kuleta ushahidi ni wale wale wasio na hati hata moja.

Wabeljiji walishika Kigoma tangu 1916 hata 1921. Kisha Waingereza, kwa Sheria ya Ardhi ya 1923, wakaifanya ardhi yote, yenye watu na isiyo na watu, kuwa ya umma chini ya Gavana. Mwaka 1928 sheria ilirekebishwa, na milki ya mwenyeji anayetumia ardhi kwa desturi za kabila lake ikahesabiwa nayo kuwa haki ya kukalia. Twayaona marekebisho hayo kuwa makubwa kuliko yote, ijapokuwa maneno yake ni machache: asiye na karatasi alihesabiwa kana kwamba anayo.

Ikaja Operesheni Kigoma ya 1972. Watu walihamishiwa vijijini, na nyuma yao yakabaki mahame yenye miti yao. Je, aliyeondolewa hivyo amepoteza milki? Sheria ya 1992 ilijibu kwamba ndiyo, hata ikawazuia watu kwenda mahakamani. Lakini mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lohay Akonaay wa Mbulu, ilikata ya kwamba haki ya kimila ni mali ilindwayo na Katiba, wala haitwaliwi pasipo fidia ya haki.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, imeilinganisha haki ya kimila na ile itolewayo na Serikali. Hata hivyo kifungu cha 15 chathibitisha mashamba waliyogawiwa watu vijijini kati ya 1970 na 1977. Kwa hiyo mzee akionyesha michikichi iliyopandwa na babaye, na jirani aliyepewa shamba lile wakati wa operesheni angali analilima, sheria humtambua jirani.