Zawadi za Mabeshte Kutoka Lamu: Pete ya Kigae, Leso na Kikuba

Kama genge lenu la madem limepanga trip ya Lamu, usirudi na vikuku vya plastiki ambavyo hata Nairobi viko. Na usidhani kuvaa kitu kimoja na mashosti ilianza na Instagram. Zamani kina mama wa Pwani, hasa Mombasa, walikuwa na vyama vya ngoma ya lelemama, na kila chama kilijitokeza na sare yake kushindana na wengine. Cheki zawadi tatu za mkono.

Pete ya kigae
Hii ndiyo pete ya Lamu: fedha, na juu yake kipande cha sahani ya kauri. Sonara anakisugua kigae mpaka kipate shepu, kisha anakizungushia ukingo wa fedha na kukibana. Masonara utawapata kwenye vichochoro vya mji wa kale.

Sahani ikivunjika kwa keja mnayoshea, msitupe. Beba vipande, umuulize sonara kama vinafaa. Sahani moja inaweza kutoa pete za genge zima, kila mtu na ua lake, na ndani achonge herufi ya jina.

Kabla hujatoa doo:
- Pima kidole cha beshte kwa uzi, kisirisiri.
- Uliza kama ni fedha safi. Muhuri wa 925 unamaanisha asilimia 92.5 ni fedha.
- Elewaneni bei kwanza, na usiagize asubuhi ya kuondoka.

Ngori iko hapa
Usiokote vigae kwenye magofu ya Shanga, Manda ama Pate. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inahesabu vitu vilivyotengenezwa ama kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa vya kale, na huwezi kuvitoa nchini bila kibali. Mbona? Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wamepata Manda sarafu ya Mfalme Yongle wa China, wa mwanzoni mwa karne ya 15. Ingeokotwa na mtalii ikawa kidani, hiyo stori ingepotea. Muulize sonara kigae kimetoka wapi. Akisema magofuni, chagua cha sahani ya juzi.

Bangili ya gamba la ng'amba pia achana nayo. Huyo ni kasa aliye hatarini kuisha, na kuuza gamba lake ni kosa.

Leso
Leso huuzwa doti, yaani pande mbili zenye jina lile lile, ule ujumbe ulioandikwa chini. Kata katikati: wewe upande mmoja, beshte mwingine. Lakini soma jina kwanza! Mengine ni mafumbo ya kurushia jirani maneno, na beshte anaweza kudhani unamsema.

Kikuba
Hiki ni kishada cha asumini, rihani na mkadi, kinachobandikwa kifuani. Harufu yake ni moto, lakini maua hunyauka haraka, so hakifiki Nairobi kikiwa fresh. Mnunulie beshte avae jioni ile ile mkiwa Lamu.

Pete atakaa nayo miaka. Kikuba ni cha usiku mmoja, lakini picha ya nyinyi wote mkinukia asumini haitamtoka akilini.