Kutayarisha picha za simu kwa kuonyeshwa kwenye TV

Nilihudhuria harusi moja mjini Garissa ambapo familia ilitaka kuwaonyesha wageni picha za marehemu babu yake bi harusi. Albamu yenyewe ililoa maji Mto Tana ulipofurika, na zilizosalimika zilipigwa upya kwa simu. Flashi ilipochomekwa, TV ikasema faili hazisomeki. Kijana mmoja akaunganisha simu yake kwa haraka, na badala ya picha za babu zikapita za dada zake wakiwa nyumbani bila mtandio, wanaume wote wakitazama. Fedheha ile ingeepukika kwa maandalizi ya saa moja. Haya ndiyo ya kufanya.

Anza na picha asili. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora. Kwenye simu huijui. Kwenye TV ya inchi 50 nyuso huwa ukungu. Mwombe mwenye picha aitume kama hati, au ainakili moja kwa moja kutoka simu yake.

Aina ya faili. TV nyingi husoma JPEG. iPhone nyingi huhifadhi picha kwa HEIC, na TV nyingi haziifahamu. Zibadilishe zote ziwe JPEG.

Ukubwa. TV ya Full HD ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani kama milioni 2. Picha ya simu ya pikseli milioni 12 ni mara sita ya hiyo, na TV hukawia kuifungua. Ipunguze upana ufike 1920. Kwa TV ya 4K, 3840. Punguza nakala, picha asili usiiguse.

Umbo. TV ni 16 kwa 9, lakini picha nyingi za simu ni 4 kwa 3. Ukilazimisha ijaze kioo, robo ya picha hukatwa, na mara nyingi inayokwenda ni vichwa vya watu. Ni afadhali kuacha weusi pembeni. Picha za wima ziweke mbili mbili ubavu kwa ubavu: kila moja huwa na upana wa pikseli 810, kwa hiyo zote mbili huenea. Iliyolala ubavu igeuze kwenye kompyuta, kisha uihifadhi. Maandishi yasikaribie ukingo, kwani baadhi ya TV hukata kingo.

Mpangilio. TV nyingi hupanga faili kwa majina, na huweza kuiweka 10 kabla ya 2. Andika 001, 002, 003. Picha 100 kwa sekunde 6 kila moja ni dakika 10. Zikizidi hapo wageni huanza kuzungumza.

Flashi. Itayarishe kwa FAT32, ambayo TV nyingi huisoma hata zilizo kuukuu. Kumbuka kazi hiyo hufuta kila kilichomo, basi nakili kwanza. Ijaribu kwenye TV ile ile itakayotumika, kabla ya siku yenyewe.

Amana. Hili ndilo zito. Usiunganishe simu yako na TV ya ukumbini. Ndani yake mna mengi yasiyo ya wageni. Tumia flashi yenye picha zilizochaguliwa tu. Kama wanawake na wanaume wamekaa mbalimbali, tengeneza flashi mbili, uzitie alama za rangi tofauti, na ya akina mama ishikwe na mama mmoja. Kila aliye pichani aulizwe kwanza. Tena fahamu kwamba picha iliyofutwa kwenye flashi huweza kurudishwa kwa programu maalumu, kwa hivyo flashi hiyo usiiazime.

Mafuriko ya Novemba 2023 na ya Aprili 2024 yaliingia majumbani mwa wengi Garissa. Shughuli ikiisha, weka nakala moja kwako na nyingine kwa jamaa wa mji mwingine. Picha ya mzee aliyekwisha kufariki haipigwi mara ya pili.